Kipa namba mbili

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kusema kijana kapata mchumba kasahau kuandika. Hapana jamani. Mchumba hakuna, bumu lenyewe likiingia linakaa siku tisa tu. Ni majukumu ya mwaka wa tatu ndiyo yamenibana. Leo nimekaa chumbani hapa Chang'ombe, jamaa zangu wawili wanabishana kuhusu makipa tangu saa mbili asubuhi, nikaona bora nifungue daftari langu niwasimulie jambo lililonipata nyumbani wakati wa fildi. Nimelibeba muda mrefu na sijawahi kumwambia mtu lote.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mwanafunzi wa ualimu, nasoma Kiswahili na Historia, na kwetu ni Kewanja, Tarime, kule Nyamongo kwenye dhahabu. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu unaona kilima cha mawe kilichotengenezwa na malori, wala si cha Mungu. Mgodi wa North Mara uko pale, na mchana ukisikia mabati yanatetemeka ujue wamelipua shimoni. Ukishuka kusini unafika Mto Mara, ukivuka uko Serengeti. Ndiko nilikokulia, na Julai 2025 ndiko nilikorudi kufanya mazoezi ya kufundisha mwaka wa pili.

Shule sitaitaja. Majina ya wanafunzi pia sitayataja, maana ni watoto wa watu na hili si jambo la kuwaaibisha.

Sasa mnajua mambo ya fildi. Ukifika tu, wewe kijana, huna mke, huna ng'ombe wa kukamua, basi kila kazi isiyo na mwenyewe ni yako. Zamu ya usafi wewe. Kusimamia maktaba (kabati moja!) wewe. Siku ya tatu mwalimu wa michezo akaniita chini ya mti akaniambia, "Ticha, mimi magoti yamekwisha. Chukua timu ya mpira." Akanikabidhi filimbi, mipira miwili, mmoja umevimba kama boga, na orodha ya wachezaji. Kulikuwa na mashindano madogo ya shule nne za jirani, zawadi mbuzi na seti ya jezi. Mechi yetu ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, na anayefungwa anatoka.

Nikakuta timu ina makipa wawili.

Wa kwanza nitamwita Nguzo, ndivyo wenzake walivyomwita. Kidato cha tatu, mrefu, mikono kama majembe, mkimya. Alikuwa kipa wa shule tangu kidato cha kwanza. Krosi ikipigwa anaruka anaiokota juu ya vichwa vya watu kama mtu anayechuma embe. Ila mpira ukimjia miguuni, wee! Ni kubutua tu. Anabutua mpaka ng'ombe wa jirani wanakimbia.

Wa pili alikuwa kidato cha pili, mfupi, mcheshi, na wenzake walimwita Diarra. Mnajua kwa nini. Tangu Djigui Diarra wa Mali aje Yanga mwaka 2021, kila mtoto anayekaa golini na anajua kupiga pasi anajiita Diarra. Na huyu dogo pasi alikuwa nazo. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mpira unatoka golini unamkuta winga kifuani. Tatizo lake lilikuwa mikono. Krosi alikuwa anazisindikiza kwa macho.

Basi bwana, timu ikagawanyika. Viungo na mawinga walimtaka Diarra, mabeki walimtaka Nguzo. Kila siku baada ya mazoezi ni kelele, na mimi kocha wa filimbi nipo katikati.

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti nikaenda bandani kuangalia Taifa Stars wakifungua michuano ya CHAN na Burkina Faso. Banda letu mnalijua wale mliowahi kufika: mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja juu, na jenereta nje kwa ajili ya umeme ukikata. Stars wakashinda 2-0, Sopu kwa penalti na Mohamed Hussein kwa kichwa. Watu wakafurahi, na kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda kulala, ukaanza ubishi.

Ulianzishwa na jamaa mmoja wa bodaboda, Simba wa kutupwa. Alisema Simba ya sasa haihitaji kumkumbuka Aishi Manula hata kidogo, kwa kuwa Moussa Camara kutoka Guinea amemfunika. Akatukumbusha tarehe 9 Aprili 2025, robo fainali ya Shirikisho dhidi ya Al Masry, Simba imefungwa 2-0 kule Misri, ikarudisha 2-0 kwa Mkapa, mkaenda matuta, Camara akapangua na Mnyama akavuka. "Fainali tumefika kwa mikono ya Camara!" akasema.

Kulikuwa na mzee mmoja pale, naye Simba, mstaafu, huwa anakaa na redio yake ndogo mapajani hata kama runinga inawaka. Akamwangalia yule kijana taratibu.

"Mura," akamwambia, "wewe unahesabu mechi moja. Mimi nahesabu miaka. Manula alikuja 2017 kutoka Azam. Alidaka mpaka mkasahau kwamba golini kuna kazi. Akaumia 2023, mkampata Ally Salim, mkasema Manula basi. Si kweli?"

Na kweli, wadau, mnakumbuka ule mwaka. Aprili 2023 Manula nje, Ally Salim kijana asiyejulikana kabisa akasimama golini tarehe 16, Simba ikampiga Yanga 2-0. Wiki ile ile Wydad wakaja Dar wakafungwa 1-0. Marudiano kule Casablanca Simba ikatolewa kwa penalti, lakini kijana jina limeshapanda. Agosti 13, pale Mkwakwani Tanga kwenye Ngao ya Jamii, akapangua penalti tatu za Yanga. Tatu! Nchi nzima ikasema kipa amepatikana.

"Halafu?" mzee akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote tulijua halafu. Novemba 5, 2023 Manula alirudi langoni kwenye mechi ya watani, mpaka mapumziko ilikuwa 1-1, na mpaka mwisho ilikuwa 5-1. Yanga tano. Siku ile mimi ndiyo kwanza nilikuwa na siku chache hapa chuoni, na chuo chetu kiko pua na mdomo na uwanja wa Mkapa. Sikuhitaji redio. Nilikaa bwenini nikasikia kelele moja, mbili, tatu, nne... nikawa nahesabu kwa masikio. Siku mbili baadaye kocha Robertinho hakuwa na kazi. Na Manula wa watu, miaka sita ya kudaka ikafutwa na dakika arobaini na tano. Mwaka 2025 akarudi zake Azam.

"Hamkumfukuza kwa sababu hajui," mzee akasema. "Mlimfukuza kwa sababu mlihitaji mtu wa kumfukuza."

Hapo mama mmoja anayeuza chapati mlangoni, Yanga damu, akaingiza kichwa. Akasema ninyi Makolo mnabishana nani anadaka, wakati siku hizi swali ni nani anaanzisha. Diarra akipata mpira, Yanga inashambulia tayari. Ndiyo maana mliimbiwa gusa achia twende kwao. Ninyi mlikuwa na pira biriani yenu, biriani limeungua zamani. Banda zima likacheka.

Mama yule hakuwa mjinga. Mpira umebadilika kweli, na kipa ndiye aliyebadilishwa kuliko wote. Mwaka 1992 sheria ilikataza kipa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, makipa wote duniani wakalazimika kujifunza miguu ukubwani. Mwaka 2019 ikaruhusiwa goli kiki kupokelewa ndani ya boksi, mabeki wakaanza kukaa pembeni ya kipa kama wageni wa harusi wakisubiri pasi. Hata Ulaya yalitokea hayo hayo. Pep Guardiola alipofika Manchester City mwaka 2016 alimwondoa Joe Hart, kipipa kizima cha Uingereza, akamleta Claudio Bravo mwenye miguu. Bravo akateseka, City haikupata kombe msimu ule. Mwaka uliofuata akaja Ederson, ndipo watu wakaelewa Guardiola alitaka nini.

Jamaa yangu wa chumbani anayefuatilia ule mpira wa Marekani wa kukumbatia mpira na helmeti anasema na wao wana ubishi wa namna hii, ila kwao unamhusu yule anayerusha pasi, wanamwita kwotabeki. Ananiambia mwaka 2001 kwotabeki wa New England aitwaye Drew Bledsoe aliumia, akaingia kijana wa benchi, Tom Brady, na msimu haujaisha wakachukua ubingwa. Bledsoe hakurudishiwa nafasi yake tena. Nikamwambia kumbe Ally Salim yuko kila mahali. Akasema hapana, Brady alidumu. Hiyo ndiyo tofauti, na hakuna anayeijua siku ile mtu anapoinuka kwenye benchi.

Turudi bandani. Mzee wa redio akamjibu mama chapati jambo ambalo nililicheka usiku ule na sasa silicheki. Alisema, "Mama, pasi haianzii kwenye mguu wa kipa. Inaanzia kwenye uwanja. Mkapa ni zulia. Hapa kwetu?" Akanyoosha kidole gizani kuelekea shuleni. Halafu akaongeza, "Mnawakumbuka Biashara United wa Musoma? Mwaka 2021 waliwafunga Walibya 2-0 kule Dar kwenye Shirikisho. Marudiano hawakufika Libya. Hawakutolewa na pasi wala kipa. Walitolewa na ndege!" Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za banda.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Diarra ataanza.

Sasa hapa ndipo panapotaka ukweli, maana sababu niliyowapa wachezaji haikuwa sababu yenyewe. Niliwaambia tunaingia kwenye mpira wa kisasa, tutaanzisha nyuma, pasi fupi, kipa ni mchezaji wa kumi na moja. Niliwachorea ubaoni kwa chaki, mishale kila mahali, kama andalio la somo. Hata mwalimu mlezi wangu alipita akasema duh, leo kuna Historia ya nini?

Lakini wadau, mimi nilikuwa kipa. Sekondari, miaka minne. Kipa namba mbili. Miaka minne nilibeba glovu, nikapasha moto misuli, nikakaa. Namba moja wetu alikuwa mrefu, mkimya, mikono kama majembe. Nilidaka mechi mbili tu, moja ni ya bonanza ya walimu. Kila mechi nilikuwa naomba aumie kidogo. Si sana, kidogo tu. Halafu nasali nisamehewe. Sasa nimekabidhiwa filimbi, mbele yangu yuko mrefu mkimya na kifupi cha benchi chenye kipaji... Mnadhani nilimpanga nani? Nilijipanga mimi mwenyewe.

Nguzo nilimwambia Ijumaa jioni, Nane Nane, tukiwa tunakusanya koni. Koni zenyewe ni makopo ya rangi. Nikamwambia, "Kesho utakaa kwanza." Akasema, "Sawa mwalimu." Sikumweleza kitu kingine. Chuoni tumesoma saikolojia ya elimu, tumesoma mrejesho kwa mwanafunzi, nilipata B+ kwenye somo hilo. Nikamwambia kesho utakaa kwanza, nikaondoka na makopo yangu.

Mechi ikapigwa Jumamosi saa tisa. Dakika ishirini za kwanza nawaambia mngelia. Diarra anampa beki, beki anarudisha, Diarra anainua macho, pasi ya mita thelathini, winga anakimbia. Tukapata goli hivyo hivyo. Mabinti wa kidato cha nne wakaimba. Mkuu wa shule akanipigia makofi, nikajiona Gamondi.

Kipindi cha pili tukabadilishana magoli. Uwanja wetu unainama, upande mmoja uko juu, na ule wa chini una mawe meupe yanayotoka ardhini kila mvua ikinyesha. Sasa Diarra akawa anadaka chini kwenye mawe. Wale wenzetu nao si wajinga, wakawaleta washambuliaji wawili wasimame karibu na boksi. Mpira ukarudishwa kwa Diarra, akataka kumpasia beki wa kulia, ukagonga jiwe, ukaruka, ukamkuta mshambuliaji wao. Moja moja.

Ningemtoa? Kocha mwenye akili angemtoa, au angalau angesema acha pasi, butua. Mimi nilipiga kelele "endelea hivyo hivyo!" Kwenye benchi Nguzo alikuwa amekaa na glovu mikononi, amezifunga kabisa. Hakuniangalia na mimi sikumwangalia.

Dakika kumi za mwisho ikaja kona. Krosi ile, wadau, Nguzo angeichuma amefumba macho. Diarra aliisindikiza. Mbili moja. Tukatoka. Mbuzi akaenda kwao.

Usiku ule Stars waliwafunga Madagascar 2-1, Clement Mzize mabao yote mawili. Nilisikia shangwe bandani kutoka kitandani kwangu. Sikwenda.

Jumatatu Nguzo hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Jumatano nikafungua daftari la mahudhurio la darasa lake nikakuta kitu kilichonikatisha pumzi. Kabla ya hapo, mwaka mzima, siku alizokosa zilikuwa nyingi, karibu zote siku ambazo hakuna mazoezi. Jumanne na Alhamisi, siku za mpira, alikuwa hakosi. Mtoto yule alikuwa anakuja shule kwa sababu ya goli. Hisabati na Historia yangu alikuwa anazivumilia njiani. Nilipomweka benchi sikumnyang'anya namba tu, nilimnyang'anya sababu ya kuvaa sare.

Mwalimu wa darasa lake aliniambia bila mshangao, "Huyo yuko karashani." Kwa wasiojua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Vijana wanaponda mawe kwa nyundo, wanasaga, wanaosha, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na mwisho zebaki inashikwa kwa mikono mitupu. Kijana akishaonja hela ya kila siku, daftari linakuwa zito. Huku kwetu tumewapoteza wenzetu wengi kwa mawe. Mezani kwangu darasa la saba tulikuwa watano, kidato cha nne tukafika wawili.

Jumamosi tarehe 16 nikaenda kwao. Nilimkuta bibi yake anaanika muhogo uani. Nikamwamkia, akaniuliza ukoo wangu, nikamtajia, akamjua babu yangu, tukaanza upya kusalimiana. Kisha akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto alirudi siku ile akaweka zile nguo za mikono juu ya paa. Hajazishusha." Nikatazama. Glovu zilikuwa juu ya bati, zinakauka jua la wiki nzima.

Nguzo alirudi saa kumi na moja, mweupe wa vumbi kama mwashi. Akanipa shikamoo. Nikamuuliza mbona haji shule. Akasema, "Mwalimu, uliniambia nikae. Nimekaa."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayejibu swali la darasani.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Elimu ni ufunguo wa maisha, na kadhalika. Zote zikakauka mdomoni. Nikakaa kwenye kinu kilicholala pale, nikamsimulia habari ya yule kipa namba mbili wa miaka minne. Nikamweleza hata zile sala za kumwombea mwenzangu aumie. Nikamwambia, "Sikukuweka benchi kwa sababu hufai. Nilikuweka benchi kwa sababu unafanana na mtu. Nisamehe."

Bibi aliacha kuanika muhogo akaniangalia. Kwetu si kawaida mwalimu kumwomba msamaha mwanafunzi, tena mwenye miaka kumi na saba, tena Mkurya! Nguzo alinyamaza muda mrefu. Mwisho akauliza, "Huyo mwenzako aliumia?" Nikasema hapana, alidaka mpaka fomu foo. Akatabasamu kidogo sana, akaenda kuoga. Nikaondoka bila jibu.

Ijumaa tarehe 22 Agosti Stars walicheza robo fainali na Morocco kwa Mkapa. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mifuko ya saruji. Golini alikuwa Yakoub Suleiman. Kipindi cha kwanza kikaisha 0-0. Wakati wa mapumziko mtu akaja akasukuma benchi, akakaa pembeni yangu. Nguzo. Bado kulikuwa na vumbi kwenye nywele zake. Upande wa pili wa benchi alikuwa Diarra wetu, wakapeana mkono mbele ya tumbo langu.

Kipindi cha pili Oussama Lamlioui akatufunga, 1-0, na ikaisha hivyo. Wakaanza wale wa kila siku: kipa, kipa, kipa. Yule wa bodaboda alikuwa wa kwanza. Nguzo, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo, akasema kwa sauti, "Kabla ya kipa kuna watu kumi. Mpira umewapita wote, mnamuuliza wa mwisho?" Banda likanyamaza. Mzee wa redio akasema, "Huyu mura ni mtoto wa nani?" Nikasema ni mwanafunzi wangu. Sijawahi kulitamka neno hilo nikalisikia hivyo.

Jumatatu alikuja shule. Sare ilikuwa imekunjamana, glovu ziko mkononi.

Siku chache zilizobaki za fildi nilifanya kitu ambacho ningekifanya tangu mwanzo. Niliwapeleka wale wawili pembeni, nikawaambia mimi sina la kuwafundisha, fundishaneni. Nguzo amfundishe mwenzake krosi, Diarra amfundishe mwenzake miguu. Nikashika filimbi nikakaa chini ya mti. Diarra ni mwalimu mkali balaa! "Usiangalie mpira, angalia unakompelekea!" anamfokea mtu anayemzidi futi nzima. Na Nguzo alikuwa anampigia krosi kwa mkono, moja moja, kwa uvumilivu, "Toka mapema. Ukisita umekwisha." Msimamizi wangu kutoka chuoni alikuja siku moja kunikagua kipindi cha Kiswahili. Alama zangu zilikuwa za kawaida. Natamani angekuja saa kumi jioni uwanjani.

Tangu nirudi chuoni nimekuwa nikifikiria kuhusu kazi hii tunayoisomea. Sisi tutakuwa watu wa kupanga namba. Huyu akae mbele, huyu nyuma, huyu ana akili, huyu hana, huyu aende sayansi, huyu akae kwanza. Tutasema tunatumia vigezo, na vigezo tunavyo, vimeandikwa kwenye vitini. Lakini ndani ya kila mwalimu kuna mtoto aliyewahi kukaa benchi mahali fulani, na yule mtoto naye anashika chaki. Mimi wangu nimeshamwona sura.

Januari 2026 yule mwalimu wa magoti mabovu alinitumia picha kwenye simu. Kidato cha nne wamejipanga mstarini siku ya kufungua shule, na nyuma kabisa kuna mtu mrefu kuliko wote. Chini ya picha aliandika maneno mawili tu: "Kipa yupo."

Jamaa zangu hapa chumbani bado wanabishana. Mmoja Camara, mwingine Diarra, na wa kitanda cha juu ameamka anasema wote hawamfikii Kaseja. Mimi nimekataa kupiga kura. Wakinilazimisha nawauliza kwanza: uwanja ukoje?

Haya wadau, nawahi kupanga foleni ya chakula kabla maharage hayajabaki mchuzi mtupu. Na wewe kama uliwahi kuwa namba mbili wa chochote, darasani, nyumbani, kwaya, niandikie. Tupo wengi. Tuonane panapo majaliwa.